Raba Yenye Bamba la Kaboni: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuilipia

Bidhaa tunayoijadili katika somo hili ni raba ya mashindano ambayo ndani ya soli yake limefichwa bamba jembamba la nyuzi za kaboni. Miaka michache iliyopita ilikuwa bidhaa ya mabingwa peke yao. Leo mlaji anaweza kuikuta katika duka la michezo la mjini, katika tangazo la simuni, au ndani ya robota la mitumba. Kijana wa Nkunga anayejiandaa kwa Mbeya Tulia Marathon huenda akaambiwa na wenzake kwamba bila raba hiyo amekwisha kushindwa kabla mbio hazijaanza. Nia yetu ni kumpa njia ya kuipima kauli hiyo kwa mikono yake, kwa saa yake na kwa hesabu ya mfuko wake, kabla fedha haijatoka.

Tuanze na bei. Raba mpya za aina hii, kutoka kwa watengenezaji wakubwa, huuzwa Marekani kwa dola zipatazo 250 hadi 300 kwa jozi. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni kati ya shilingi 625,000 na 750,000, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa kaya nyingi za Rungwe zinazoishi kwa ndizi, chai, maziwa au parachichi, fedha hiyo si ya kuchezea. Kwa hiyo swali la mlaji lisiwe tu kama raba hii ni nzuri. Aulize pia: itanifaa mimi, kwa kasi yangu, katika barabara zangu, kwa muda gani?

Kilichomo ndani ya soli

Watu huitaja kaboni kana kwamba ndiyo siri yote. Sivyo. Ndani ya raba hizi mna mambo matatu yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni povu la soli ya kati, ambalo katika raba bora hutengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo PEBA. Povu hili ni jepesi sana, na likibonyezwa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyolibonyeza. Povu la EVA, lililozoeleka katika raba nyingi za kawaida, hurudisha kidogo kuliko hilo. La pili ni bamba la kaboni, ambalo huifanya soli nene na laini iwe na ukakamavu, isijikunje hovyo chini ya vidole. La tatu ni umbo: soli imepinda mbele kama chombo cha baharini kinavyoinuka gubeti, ili mguu ubingirike kwenda mbele.

Ni kipi kati ya hivyo kinachofanya kazi kubwa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walichukua raba za aina hii na kulikata bamba lake ili lipoteze ukakamavu, kisha wakawakimbiza watu kwa raba nzima na kwa zile zilizokatwa. Tofauti ya nguvu iliyotumika ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Somo kwa mlaji ni zito: muuzaji anaposema "ina kaboni", bado hajakuambia jambo kubwa. Raba yenye bamba la kaboni juu ya povu duni ni raba ngumu tu, na bei yake haistahili kufanana na ya ile yenye povu bora.

Mabingwa, na sisi wengine

Sifa ya raba hizi ilisambaa kutoka kwa majirani zetu. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu ya namna mbio ile ilivyoandaliwa. Siku iliyofuata, jijini Chicago, Mkenya mwenzake Brigid Kosgei aliivunja rekodi ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyodumu tangu mwaka 2003, akamaliza kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Wote wawili walikuwa wamevaa raba zenye bamba la kaboni. Baada ya hapo hakuna mshindani aliyetaka kubaki nyuma.

Kwa bingwa, hoja ya kununua ni rahisi kuielewa. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Penye ushindani wa namna hiyo, chochote kinachopunguza hata sehemu ndogo ya asilimia kina thamani yake.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika katika kulinganisha nyakati za zama mbili. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Gabriel Geay alikimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Atakayesema kwamba dakika tano hizo zimeletwa na raba anauza maneno. New York ina madaraja na vilima, Valencia ni tambarare. Mazoezi, lishe na ushindani navyo vimebadilika. Tangazo linalokuwekea miaka miwili bega kwa bega na kuisifu raba peke yake lisomwe kwa jicho la pili.

Vipimo vya maabara vinasema nini? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliotoka mwaka 2017, ambao uligharamiwa na mtengenezaji mwenyewe, ulionyesha kwamba raba ya kwanza ya aina hii ilipunguza nguvu anayotumia mkimbiaji kwa wastani wa takribani asilimia 4. Waliopimwa walikuwa wakimbiaji wa kasi, kuanzia kilomita 14 hadi 18 kwa saa. Tafiti nyingine zilizofuata ziliunga mkono kwamba nafuu ipo. Lakini neno "wastani" linaficha mengi. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia kwa raba tatu za kaboni, zikilinganishwa na raba ya mashindano ya mtindo wa zamani yenye soli nyembamba. Nafuu kubwa kabisa iliyoonekana ilikuwa asilimia 11.4. Hasara kubwa kabisa ilikuwa asilimia 11.3. Yaani miongoni mwa wanaume walio bora duniani, raba moja ilimbeba mmoja na nyingine ikamlemea mtu. Kama hao hawawezi kubahatisha, mlaji wa kawaida asinunue kwa kuona mguu wa mwenzake.

Kuna jambo la kasi pia. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa polepole zaidi walikuta nafuu ya wastani ya asilimia 1.4 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, na asilimia 0.9 kwa kilomita 10 kwa saa. Tufanye hesabu, tukichukulia kwa urahisi kwamba asilimia ya nguvu inageuka kuwa asilimia ileile ya muda. Anayekimbia nusu marathoni, kilomita 21.1, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hutumia saa 2 na dakika 7 hivi. Asilimia 0.9 ya muda huo ni dakika 1 na sekunde 8. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, nafuu ni kama dakika moja na nusu. Mtu anayeanza hupata zaidi ya hapo kwa miezi michache ya mazoezi ya kufululiza, wala hadaiwi kitu.

Barabara za Rungwe

Vipimo vingi tulivyovitaja vilifanywa juu ya mashine ya kukimbilia, iliyo tambarare na kavu. Nkunga haiko hivyo, na Rungwe kwa jumla haiko hivyo. Mji wa Tukuyu uko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kwenda Kyela unakaribia Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500. Kati ya hapo hakuna tambarare ndefu ya kujivunia. Watafiti walipoijaribu raba ya kaboni kwenye mwinuko na mteremko wa nyuzi tatu, nafuu ilishuka kutoka karibu asilimia 4 ya tambarare hadi chini kidogo ya asilimia 3 pande zote mbili. Haikutoweka, ila ilipungua.

Mvua nayo ina neno lake. Wilaya hii ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na njia za vijijini huwa matope au udongo wenye utelezi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Soli ya nje ya raba ya mashindano hupakwa mpira mwembamba sana ili kupunguza uzito, imekusudiwa lami. Tena povu lake ni nene na laini, hivyo unyayo hukaa juu. Ukikanyaga jiwe kwa pembeni, mguu huyumba kuliko ungeyumba katika raba ya soli ya chini, na kifundo huweza kuteguka. Maoni yetu ni kwamba raba ya kaboni haina kazi katika njia za vumbi na changarawe. Anayefanya mazoezi kati ya migomba na mashamba ya chai anunue kwanza raba imara ya mazoezi, yenye meno ya kushika udongo, na aimalize. Ile ya kaboni, kama ipo, ikae ndani ikisubiri siku ya lami.

Lipo pia suala la afya. Mwaka 2023 madaktari walieleza habari za wanamichezo watano waliopata majeraha ya mkazo katika mfupa mdogo wa katikati ya mguu, wote wakiwa watumiaji wa raba za kaboni. Watu watano hawatoshi kuthibitisha kwamba raba ndiyo chanzo, na waandishi hawakudai hivyo. Lakini inatosha kushauri kwamba anayehamia raba hizi aanze na safari fupi, mara moja kwa wiki, na maumivu ya juu ya unyayo yasiyokwisha ayapeleke hospitali badala ya kuyakandia maji ya moto.

Inadumu kwa muda gani

Hapa ndipo mlaji wengi wao hawaulizi, na ndipo fedha inapopotea. Povu la PEBA hurudisha nguvu vizuri likiwa jipya. Utafiti mmoja ulilinganisha raba za povu hilo na za EVA zikiwa mpya, kisha baada ya kukimbiwa kilomita 450. Zikiwa mpya, za PEBA zilishinda. Baada ya kilomita 450, faida hiyo haikuonekana tena. Gawa shilingi 750,000 kwa kilomita 450: kila kilomita imegharimu zaidi kidogo ya shilingi 1,660, na nusu marathoni moja ni shilingi 35,000. Ziko hata raba za kaboni zilizokusudiwa mbio chache mno. Ile aliyovaa Tigst Assefa wa Ethiopia alipoweka rekodi ya dunia jijini Berlin mwaka 2023 ilikuwa na uzito wa gramu 138, iliuzwa dola 500, na mtengenezaji wake alisema wazi kwamba imekusudiwa marathoni moja pamoja na muda wa kuizoea.

Kutokana na hilo, raba ya kaboni ya mtumba inahitaji uangalifu wa pekee. Shati la mtumba lililovaliwa mara hamsini bado ni shati. Raba ya mashindano iliyokimbiwa kilomita mia tano huko ilikotoka inaweza kuwa imebakiwa na umbo na jina tu, huku kilichokuwa kikilipiwa kimekwisha. Iweke juu ya meza na uitazame kutoka nyuma: kisigino kilichoegemea upande mmoja ni ishara ya povu lililochoka. Angalia kuta za soli. Mikunjo mingi ya mlalo inaonyesha povu limelala. Bonyeza kwa kidole gumba ndani, mahali pa kisigino na pa mbele, katika mguu wa kulia na wa kushoto. Kama sehemu moja haibonyei sawa na nyingine, au inabaki imezama, usilipe bei ya mashindano. Mwisho ipinde taratibu karibu na sikio: mlio wa kuvunjika ndani ni bamba lililopasuka.

Bandia ni tatizo jingine, na kuitambua kunahitaji zaidi ya kutazama nembo, kwa kuwa nembo ndiyo kitu rahisi kuigiza. Mizani ya dukani ni shahidi mzuri. Raba nyingi halisi za kaboni, kwa saizi ya 42 hivi, zina uzito kati ya gramu 180 na 230 kwa mguu mmoja. Ukikuta gramu 300 au zaidi katika raba inayoitwa ya mashindano, uliza maswali. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kitambaa cha ndani na ile ya boksi. Zikitofautiana, boksi na raba havikuzaliwa pamoja. Ugumu wa kupinda peke yake usikuridhishe, maana bamba la plastiki nalo hukakamaa. Na bei ya kutupa kwa raba "mpya, orijino" ni maelezo tosha.

Anayewania zawadi ana jambo moja zaidi la kukagua. Tangu mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia limeweka kikomo: katika mbio za barabarani soli isizidi unene wa milimita 40, na bamba lisizidi moja. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza katika marathoni ya Vienna, akanyang'anywa ushindi kwa sababu raba zake zilikuwa na soli ya milimita 50. Rula ya nje haitoshi kupima, kwa kuwa kuta za povu huweza kupanda juu ya mahali unyayo unapokaa. Njia ya uhakika ni orodha ya raba zilizoidhinishwa, ambayo shirikisho hilo huiweka wazi katika tovuti yake. Kwa anayekimbia kwa ajili ya afya na kujifurahisha, suala hili halina uzito.

Jaribio la kilomita moja

Muuzaji wa raba mpya hatakubali uiondoe dukani ukakimbie nayo, na hatuwezi kumlaumu. Lakini katika klabu nyingi za mbio yupo mwenye jozi, na saizi si nyingi hivyo. Azima kwa asubuhi moja. Tafuta kipande cha lami cha kilomita moja, kisicho na mlima mkali wala magari mengi. Pasha mwili moto, kisha kimbia mara nne kwa juhudi ileile unayotumia katika mashindano: kwanza kwa raba yako, halafu mara mbili mfululizo kwa ya kaboni, kisha tena kwa yako. Pumzika dakika nne kila baada ya mzunguko. Mpangilio huu una sababu yake. Ukianza na yako mara mbili na kumalizia na ya kaboni mara mbili, uchovu utaipunja ya pili, au mwili uliopata moto utaipendelea.

Saa aishike mtu mwingine, asikuambie muda wowote mpaka mwisho. Jumlisha mizunguko miwili ya kila raba na ulinganishe. Tofauti ya sekunde mbili tatu ni ya kawaida hata kwa raba ileile, usiihesabu. Rudia zoezi wiki ifuatayo. Kama mara zote mbili raba ya kaboni imekupa sekunde tano au zaidi kwa kilomita, na miguu haikuuma kesho yake, una sababu ya kufikiria kununua. Kama matokeo yamegeuka kati ya wiki na wiki, umeokoa laki saba.

Unaponunua, na ukidanganywa

Dai risiti ya mashine ya EFD, na uombe iandikwe au iambatanishwe na maandishi yanayotaja jina la toleo, saizi, na kama raba ni mpya au mtumba. Neno la mdomo hupotea. Neno "mpya" lililoandikwa na muuzaji mwenyewe halipotei. Kwa ununuzi wa mtandaoni, hifadhi picha za tangazo na ujumbe wa malipo ya simu, na ukiweza lipa baada ya kuishika raba mkononi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ndiyo inayotumika dhidi ya bandia. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Rudi kwanza kwa muuzaji, mapema, raba ikiwa haijatumika zaidi. Asipokusikiliza, aliye Nkunga anaweza kuanzia kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, Tukuyu, kisha afikishe malalamiko kwa Tume. Aende na risiti, boksi, raba zote mbili, na maelezo mafupi yanayosema alinunua lini, aliambiwa nini, na alichokikuta.